Hopa ya Baba Eben

Wenzangu, kama mliiona ile video ya mwanamke anayeserereka kwenye kahawa huku kanga yake imebaki juu ya tawi, mkacheka mpaka mkawatumia na shangazi zenu, basi msihangaike kuulizana ni nani, ni mimi. Mimi Mama Eben, muuza vyombo wa Kijenge, mke wa mtu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani (siku hizi nasimama mstari wa nyuma kidogo, mpaka watu wasahau). Nawasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa vibaya, kuna mtu kule Themi anasema eti siku ile nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilikuwa na wivu, na afadhali ningelewa, maana pombe ukiilalia asubuhi imekwisha.

Mume wangu, Baba Eben, ni dereva wa watalii. Masika yakiingia wageni wanapungua, magari yanaegeshwa, na yeye na wenzake wanabaki kunywa chai na kulalamikia mvua, sasa mwaka huu wakapata mchezo wa kupigana risasi za rangi kule juu ya Maji ya Chai, kwenye shamba la zamani la kahawa. Risasi zenyewe ni vidonge vya duara vilivyojaa rangi, kikikupata kinapasuka, unabaki na doa, tayari umekufa, unatoka nje kunywa soda. Wanaume wazima, wengine wana wajukuu, wanajificha nyuma ya matairi! Lakini mimi sikuwa na shida na hilo, mwanaume akicheza anarudi nyumbani amechoka na ana adabu. Shida yangu ilikuwa na jina, nalo ni Glory.

Glory ni binti wa Marangu, mwongoza watalii mpya kwenye kampuni yao, mrefu, mwepesi, anapanda Mlima Meru na kushuka kama mtu aliyetumwa chumvi, na meno yake meupe yote yapo na anajua kwamba yapo. Jina lake lilianza kuingia nyumbani kwangu taratibu. Mara Glory kasema hivi, mara Glory kachekesha wageni, mara "leo bila Glory tungefungwa". Nikawa nakoroga ugali kwa nguvu kuliko unavyohitaji.

Halafu siku moja Baba Eben mwenyewe, kwa furaha zake, akanionyesha video kwenye simu. Na hapa lazima niwaeleze kidogo ili mnielewe. Ile bunduki ya rangi ina chombo kinakaa juu yake, wao wanakiita hopa, ndicho kinachobeba vidonge na kuvimwaga ndani. Baba Eben alikuwa na bunduki ya betri aliyoachiwa na mtalii mmoja, ukiigusa tu inatapika, ila hopa yake ilikuwa ya kizamani, ndogo, ya kutikisa kwa mkono. Bunduki inataka kula haraka, hopa inailisha kwa kijiko cha chai, basi kila baada ya muda mfupi imeisha au vidonge vimekwama. Ndiyo maana kila mchezo alihitaji mtu wa kukaa nyuma yake, amejifunga vichupa vya risasi kiunoni, kazi yake ni kufunua kifuniko na kumjazia. Na mtu huyo, nadhani mmeshamjua.

Kwenye video nilimwona Glory anachuchumaa nyuma ya mume wangu, mkono mmoja begani kwake, mwingine unamimina risasi, halafu anainama anamwambia kitu sikioni. Anamimina, anainama. Anamimina, anainama. Baba Eben ananiambia, "Unaona nilivyowapiga pale?" Mimi sikuona aliyepigwa wala aliyepiga, niliona midomo ya yule binti kwenye sikio ambalo nimelitunza mimi, nimelipaka mafuta ya nazi mimi, lilipouma nimelitia dawa mimi. Nikasema, "Hongera." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu mwanzo alikuwa ananibembeleza niende kumwangalia Jumamosi, na kila Jumamosi nilikataa, nasema duka, nasema kichwa, nasema mazoezi ya kwaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna na nilitaka abembeleze zaidi. Usiku huo kitandani akili ikanijia. Sitamgombeza, sitamkataza, sitamwita yule binti barabarani tukavuana wigi. Nitamnunulia mume wangu hopa kubwa. Kubwa kabisa, inayojilisha yenyewe, ili Glory na vichupa vyake akose kazi. Nikajiona nina akili kuliko wanawake wote wa Arusha.

Jumatano nikafunga duka mapema nikaenda hadi kule uwanjani. Msimamizi wake anaitwa Swai, ndiye mwamuzi, ndiye anayeuza vifaa, ana kontena limegeuzwa duka. Akanitolea hopa tatu akazipanga mezani. Ndogo ya kutikisa, hiyo nilikuwa naijua na kuichukia. Ya kati, ina betri na kipepeo kinachokoroga vidonge visikwame. Na kubwa, nyeusi, nene, ina mota na kigurudumu ndani kinachosukuma vidonge kwa nguvu, inabeba zaidi ya mia mbili.

Jamani, mimi nauza vyombo. Nikaichagua kama ninavyochagua hotpoti. Nikaipima kwa mikono, nikafungua kifuniko nikafunga, nikaisikiliza inavyobana, nikaigeuza chini juu, nikaigonga pembeni kwa kidole. Swai alikuwa ananiangalia tu, kachoka.

"Mama Eben, hiyo ya kati ingemtosha mzee," akasema. "Kubwa ni nzito, halafu adui anaiona kutoka mbali."

"Nijibu hili moja. Hii ikijaa, mtu anaweza kucheza mpaka mwisho bila kujaziwa na mtu?"

"Inategemea, mama. Ikilisha haraka, na bunduki inakula haraka, na yeye mwenyewe akinogewa anafyatua bila kuangalia. Unaweza kukuta anajaziwa mara nyingi kuliko mwanzo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia funga, nachukua kubwa. Akanisindikiza mpaka mlangoni akinipa masharti, hopa ikae kavu, iwe safi, ndani kuna kijitaa kidogo kinachoangalia vidonge vikipita, kikizibwa na uchafu mota inachanganyikiwa. Nikasema sawa, sawa, usafi nitafundishwa mimi? (Bei yake siitaji hapa, mama mkwe ana jirani anayemsomea kila kitu.)

Tukimtaja mama mkwe, ndiye huyo Ijumaa jioni akateremka kutoka Nkoaranga, ana mkungu wake wa ndizi na chupa ya maziwa, na amesikia kesho kuna bonanza, madereva dhidi ya wapagazi wa mlimani, mshindi anachukua mbuzi. Akasema na yeye anataka kuuona huo ujinga. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, akakaa, macho yake yakatua kwenye hopa juu ya kabati.

"Na hiki ni kitu gani?"

"Ni zawadi ya mwanao, mama. Kesho namkabidhi mbele ya wenzake."

Akakichukua, akakifunua. "Ndani mbona hamna kitu?"

"Ni tupu, mama. Yeye ndiye atakijaza huko."

Akakiweka chini polepole. "Mwanangu, unampa mume chombo kitupu? Mbele za watu? Mimi hata ndoo ya jirani sijawahi kuirudisha bila kutia ndizi mbili."

Na alisema kweli, siwezi kumlaumu, hata mimi dukani ukinunua hotpoti ya kupeleka harusini nakutilia pipi ndani bila kuombwa, chombo kitupu hakitolewi, unakuwa umempelekea mtu njaa. Risasi za rangi sikuwa nazo, zinauzwa kule kwa Swai. Nilichokuwa nacho ni karanga, nimezikaanga mchana, za chumvi, bado zina joto. Nikajaza hopa mpaka juu, nikafunga kifuniko, kikabana vizuri sana. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na ndivyo ilivyoanza, ndugu zangu, kwa kitu kidogo na kizuri kama hicho.

Jumamosi nilivaa gauni langu la njano, nikajifunga kanga juu yake kwa ajili ya baridi, maana ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba. Tulifika uwanjani watu wamejaa, moshi wa nyama umeanza, mbuzi mwenyewe kafungwa kwenye nguzo anatafuna majani. Nikaenda moja kwa moja walipokuwa madereva. Glory alikuwepo, kashajifunga vichupa vyake. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Baba Eben, nimekuletea zawadi, ili usimsumbue mtu tena." Ile "mtu" niliivuta kidogo.

Jamani, alivyofurahi! Alinikumbatia mbele ya watu, mwanaume ambaye hata mkono hanishiki barabarani. Akafunua, akakuta karanga, wote wakaangua kicheko, mikono ikaingia, wakatafuna hapo hapo. Hata Glory akachota kiganja kizima akasema, "Tamu kweli, dada, utanifundisha." Nikatabasamu kwa meno tu. Nikasema moyoni, kula, mwanangu, ni za kuagia.

Filimbi ya kwanza ikalia. Baba Eben akamimina karanga zilizobaki kwenye mfuko wa mtu, akaniuliza, "Mama Eben, ni safi ndani?" Nikaipokea, nikaipitisha pindo la kanga, pu pu, nikaipuliza. "Safi," nikasema. Wala sikuona kwamba chini ya kile kigurudumu karanga zilikuwa zimejibana, na maganda na chumvi vimeganda kwa mafuta pande zote. Ungeniletea hotpoti ya namna ile dukani ningekufokea. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa na kazi nyingine, yalikuwa yanamwangalia Glory akipima risasi zake kiunoni kama mtu asiyejua kwamba ameachishwa kazi.

Mchezo ukaanza, na mwanzo ule, jamani, ulikuwa mtamu. Hopa ilinguruma, bunduki ikawa inatema mfululizo kama bisi kwenye sufuria, wapagazi wawili wakatoka na madoa kifuani. Glory kasimama nyuma ya tairi mikono imelala, hana la kufanya. Nikajifunga kanga upya, nikamgeukia mama mkwe, nikamwambia, "Umekiona chombo, mama?" Akasema, "Nakiona. Mbona kinakoroma?"

Kilikuwa kinakoroma kweli. Kwanza risasi zikaanza kutoka kwa kigugumizi, halafu mota ikalia kama inasaga mchanga, halafu bunduki ikatema kitu ambacho si risasi, kitu kama uji wa karanga uliochanganywa na rangi ya bluu, kikampiga mpagazi mmoja shavuni juu ya barakoa. Yule mpagazi akakigusa kwa kidole, akakinusa, akapaza sauti, "Mwamuzi! Hii ni mboga!" Uwanja mzima ukacheka. Baba Eben anatikisa hopa, anaipiga kofi, uji unarudi nyuma unamjaa kwenye kioo cha barakoa yake. Na Glory sasa akatoka mbio, akachuchumaa, mkono begani, akafunua kifuniko changu, akaingiza vidole ndani ya hopa yangu, akainama sikioni. Na mume wangu, katikati ya aibu ile, akacheka. Mabega yalitikisika nikaona.

Sijui niwaeleze vipi. Nikaona wananicheka mimi, karanga zangu na zawadi yangu, wawili wao, shavu kwa shavu. Mezani kwa Swai kulikuwa na mfuko wa risasi, nikaunyakua, nikaruka kamba. Nikamsikia mama mkwe nyuma, "Wewe, unakwenda wapi?" Nakwenda kumjazia mume wangu, mimi mwenyewe, ndiko ninakokwenda.

Swai akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. "Mama Eben, toka! Huna barakoa! Simamisheni! Simamisheni!" Lakini wapagazi wengine walikuwa mbali kwenye ukungu, wao waliona kitu cha njano kinawajia mbio wakadhani ni mbinu. Ya kwanza ilinipata kwenye paja, mama yangu wee, inauma! Ya pili kwenye kilemba. Sikusimama. Nikamfikia Baba Eben, nikamwambia Glory, "Ondoka hapo," nikaikamata hopa nimfungulie nijaze, yeye anavuta huku hajui ni nani kwa sababu haoni, mimi navuta huku, na kile kifuniko nilichokisifu kwa kubana kikaruka hewani. Risasi zote zikamwagika kwenye majani mabichi, na mfuko wangu nao ukapasuka juu yake.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Nilikanyaga vile vidonge vya duara kwenye mteremko wenye umande, mguu mmoja ukaenda Moshi mwingine ukaenda Monduli, nikakaa chini kwa kishindo nikaanza kuserereka, katikati ya mistari ya kahawa, vidonge vinapasuka chini yangu po po po, kanga ikanasa kwenye tawi ikabaki, gauni likapanda, na ndani nilikuwa nimevaa taiti ya zamani ya kulalia yenye picha za matunda (jueni tu kwamba nanasi lilikuwa nyuma). Nikaishia kwenye bendera ya wapagazi. Nikaiangusha.

Risasi nyingine ikapita karibu na sikio. Hapo ndipo nikaogopa, maana Swai huwa anasema inaweza kutoa jicho. Nikageuka kifudifudi, nikafunika uso nikalia. Mara kitu kizito kikaniangukia mgongoni, mikono miwili ikanizibia kichwa, na sauti ikasema, "Dada, lala! Usiinue uso!" Nikazisikia zikimpiga yeye, ta, ta, ta, mgongoni, na kila ikimpata alikuwa anajikunja kidogo lakini mikono yake haikuondoka usoni kwangu.

Filimbi zikaisha, kukawa kimya, hata yule mbuzi alinyamaza. Mtu mwenye busara hapo angesema asante. Mimi, nimelala chini ya Glory, na nanasi langu liko wazi kwa taifa zima, nikauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye moshi wa nyama, "Unamwambia nini mume wangu sikioni?"

Glory akavua barakoa. Alikuwa anahema, na machozi ya maumivu yanamlengalenga. "Dada, kumbe ni hilo?"

"Nijibu."

"Barakoa yake inaingia ukungu, haoni watu waliokaa nje. Kila nikimjazia ananiuliza swali hilo hilo, 'Mke wangu amekuja?' Jumamosi zote hizi namjibu hajaja. Leo ameniuliza kama hujaondoka kwa aibu ya karanga, nimemwambia yupo, amesimama mbele, amevaa njano, amependeza. Ndio akacheka."

Nilitamani ardhi inimeze. Baba Eben alikuwa amesimama juu yetu, amevua barakoa, uji wa karanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, anaangalia chini kama mwanafunzi aliyekamatwa na barua. Akaenda akaitungua kanga yangu kwenye tawi, akarudi akanifunga kiunoni, mafundo mawili, mbele ya watu wote. Ndipo nikalia vizuri.

Mama mkwe naye alikuwa ameshateremka na mkongojo wake. Akanitazama, akamtazama Glory mgongo ulivyochafuka, akasema, "Nilisema chombo kisitolewe kitupu. Sikusema ukijaze wivu." Kisha akamwinua Glory kwanza, mimi baadaye.

Madereva wakatolewa mchezoni, kanuni ni kanuni, mtu wa nje akiingia uwanjani upande wake umeshindwa. Wapagazi wakachukua mbuzi, na kwa roho nzuri yao wakatualika tule nao, wakaniletea paja zima kwenye sinia, "karibu, Mama Karanga", na jina hilo ndilo ninaloitwa mpaka leo kuanzia Kijenge hadi Usa. Glory alikaa kando yangu kwa sababu hakuweza kuegemea kiti. Nilimkanda mgongo kwa maji ya moto nyumbani kwangu jioni ile, nikayahesabu madoa yale meusi moja moja mpaka nikashindwa kuendelea. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Yaishe, dada, ila karanga utanifundisha." Nikamfundisha.

Hopa ipo. Baba Eben aliisugua kwa mswaki jioni tatu mfululizo, na Swai alisema kweli, inaisha upesi ajabu, Glory anakimbia kumjazia kuliko zamani. Mimi nimeapa. Sitampa mtu tena chombo cha mchezo kikiwa na chakula, sitaruka kamba ya Swai, na sitakosa Jumamosi hata moja. Nakaa mbele kabisa, na gauni la njano, taiti nyeusi isiyo na picha. Glory anamimina, anainama sikioni, nami najua anachosema, neno lenyewe ni moja tu, "Yupo."

Ila midomo yake ikichezacheza kupita urefu wa neno hilo, nasimama.